Maji Yaliposimama Kibanjani kwa Ma Koku

Mjukuu wangu anayesomea uhandisi wa maji alinifungulia kompyuta yake sebuleni kwangu, hapa Kitendaguro, Bukoba, anionyeshe kazi yake ya mwisho ya chuo. Picha ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Bomba lote limepakwa rangi kama kanga ya sikukuu, buluu huku, njano kule, na mahali pamoja nyekundu ya kuwaka. Akabonyeza kitufe, ikatoka namba moja.

"Bibi, hiyo ndiyo presha ya juu kabisa kwenye mfumo wote. Imeshapatikana, nimemaliza."

Nikamuuliza, umemaliza nini wewe? Iko wapi hiyo presha? Inatokea wakati gani, watu wakichota au koki zikiwa zimefungwa? Na kati ya nukta hii na ile pale, pana nini? Akanitazama kama ninaongea Kichina. Nikapandisha sauti. Mama yake akatoka jikoni kuniomba nimhurumie mtoto, amechoka na safari. Haya, nimemhurumia. Nimekaa naandika badala ya kugomba, na ninaandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mnaobonyeza kitufe mkadhani kazi imekwisha.

Naitwa Adelina. Nilianza kazi ya maji mkoani Kagera kama mchora ramani, msichana mwenye penseli nyuma ya sikio, nikastaafu nikiwa fundi sanifu mwenye miwani mizito na magoti mabovu. Magoti yameisha kwenye vilima vya Muleba. Mwalimu wangu alikuwa Mhandisi Rutta, mtu mrefu, mpole, asiyeweza kupita mbele ya bomba bila kulipiga kofi kama anayesalimia ng'ombe wake. Alinifundisha kila kitu ninachokijua na alinitania kila siku ya Mungu. Nami nilimjibu. Ofisi nzima ilidhani tunagombana.

Somo la kwanza alinipa wakati wa vita. Majeshi ya Amin yalikuwa yameingia upande wa Kyaka, na Bukoba mjini watu walifunga nyumba zao wakakimbilia vijijini kwao. Sisi wachache wa maji tuliambiwa tubaki. Mchana mmoja ukasikika mshindo upande wa Bilele, mimi nikawa chini ya meza kabla sijajua nimefikaje. Nikamkuta Rutta ameshafika kabla yangu. Tulipotoka, hapakuwa na ndege wala mzinga. Bomba kuu lilikuwa limepasuka, na barabara imegeuka mto.

"Limepasukaje?" nikamuuliza. "Mji mtupu huu, nani anatumia maji?"

"Ndiyo maana limepasuka. Hakuna anayetumia. Maji yakitembea, Adelina, yanachoka njiani, yanapoteza nguvu kwa kujisugua na bomba. Ukifunga koki zote yakasimama, nguvu yote inabaki humo ndani. Watu wamefunga koki wakakimbia. Wametufungia na sisi."

Wengi wenu mnadhani hatari ni pale maji yanapokimbia. Maji yanayokimbia yana kelele tu. Yaogopeni yaliyosimama.

Baada ya vita ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni, kabla neno Ukimwi halijatufikia, tuliuita Juliana, baadaye tukaacha hata kuuita. Tulisema fulani anaumwa kifua, fulani ana homa, halafu tunakwenda kuzika. Ofisini ilifika mahali asubuhi huulizi kazi za leo ni zipi, unauliza leo tunazika wapi. Matanga yalifupishwa kwa sababu ungelala msiba huu na mwingine ungekupita. Ninawaambia haya mapema kwa sababu bila kuyajua hamtaelewa kwa nini bomba letu lilipinda.

Miaka hiyo hiyo ndipo tulipopata kompyuta. Mradi mmoja wa kupeleka maji Muleba, hadi kituo cha afya cha huko, uliileta, ikawekwa kwenye nyumba ya kupanga Rwamishenye, chumba chenye pazia na feni, na tulivua viatu mlangoni kana kwamba tunaingia kwa askofu. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani. Hakuna cha rangi nyekundu. Unaandika kila nukta ya bomba: ina kimo gani kutoka usawa wa ziwa, iko mbali gani na nukta inayofuata, bomba lina upana gani, watu watachota kiasi gani pale. Halafu unaomba umeme usikatike. Ikimaliza inatoa orodha ndefu ya presha, na mwisho kabisa mistari miwili: ya juu kuliko zote, ya chini kuliko zote, na namba za nukta zake.

Mara ya kwanza nilipoiendesha, ile ya juu ilitoka kubwa ajabu. Nikakimbia nayo kwa Rutta kama kuku aliyetaga. Akaisoma, akashusha miwani.

"Loo! Kwa presha hii, wagonjwa wa Muleba wakifungua koki, watu wa Mwanza wataoga bila meli."

Nilikuwa nimebadilisha tarakimu mbili kwenye kimo cha nukta moja, nikakizamisha kilima chini ya ziwa. Hakunikemea. Alinionyesha nukta za jirani. "Namba kubwa ya kweli ina ndugu," akasema. "Waliokaa karibu nayo nao wamepanda kidogo kidogo. Ukiikuta imesimama peke yake kama mlevi barabarani, kwanza tazama ulichoandika." Na ile ya chini nayo msiidharau. Ikienda chini ya sifuri, bomba linanyonya badala ya kusukuma, na penye ufa litavuta matope ya shambani hadi kwenye kikombe cha mgonjwa.

Haya, sasa twende Muleba. Kijiji sikitaji, wenyewe wapo. Chemchemi ilikuwa juu ya kilima, penye mikaratusi. Bomba lilishuka kutoka huko, likapita kwenye rweya, yaani ule uwanda wa nyasi usiolimwa, likaingia kwenye vibanja vya migomba vinavyozunguka nyumba, likavuka kijito, kisha likapanda tena hadi kituo cha afya upande wa pili. Kituo kile kilikuwa na vitanda vilivyojaa na hakikuwa na tone la maji. Wauguzi walifua mashuka kijitoni.

Msimamizi wa mitaro alikuwa Ta Byabato, yaani Baba Byabato kwa heshima ya Kihaya, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele. Mstari wetu ulikata kibanja cha mjane mmoja, Ma Koku. Sisi Wahaya huzika nyumbani, ndani ya kibanja, karibu na wazee wetu, na kwa Ma Koku tayari palikuwa na kaburi la mumewe na la mwanawe mkubwa. Alikubali bomba lipite kwa sharti moja. Nilikuwepo aliposema.

"Lipite, waitu, ndugu zangu. Maji ni ya wote. Lakini lisiwaguse watu wangu."

"Halitawagusa, Ma," Byabato akamjibu. "Nimesema mimi."

Na Byabato akitoa neno, basi. Tulichimba, tukalaza, tukajaza maji sehemu hiyo na kuipima kwa pampu ya mkono, ikashika vizuri. Muda haukupita, mtoto wa pili wa Ma Koku akafa. Mahali pake pa kuzikwa, ubavuni mwa kaka yake, ndipo bomba letu lilipokuwa. Byabato hakumwuliza mtu. Alifukua bomba akalisogeza upande wa chini, likapinda kuzunguka makaburi, akafukia. Kisha mkwe wa Ma Koku naye akafuata, na Byabato akasogeza tena, chini zaidi. Akaja Rwamishenye kutuambia: "Tumelisogeza kidogo kwa Ma Koku, kwa heshima ya marehemu." Rutta akatikisa kichwa kwa huzuni. Mimi nikachora kona kwenye ramani, nikaongeza zile mita chache za urefu kwenye kompyuta. Nani angemlaumu mtu kwa kukwepa kaburi? Mngekuwa nyinyi mngefanya hivyo hivyo.

Ila tazameni. Karatasi ni bapa. Kwenye ramani, bomba lilisogea pembeni. Kwenye ardhi, pembeni pale ni mteremko, na kila kaburi lililisukuma bomba bondeni. Kompyuta ilikuwa na nukta juu ya kibanja na nukta nyingine mbele yake, zote mbili zikiwa pazuri. Pale chini katikati hatukuwa na nukta. Na kompyuta, wanangu, inakupa kubwa kuliko zote ulizoiuliza. Haikupi kubwa kuliko zote zilizopo.

Maji yakafunguliwa. Mngewaona watu! Bibi mmoja alikinga viganja akajimwagia kichwani, juu ya kitambaa chake. Koki hazikupumzika, ndoo mfululizo usiku na mchana, na tangi la kituo cha afya likijaa linamwagika tu, kwa sababu boya la kuzuia maji lilichelewa kufika. Mradi ukaona upotevu, tukaliweka boya. Likafanya kazi safi kabisa. Tangi likijaa, boya linafunga.

Siku chache baada ya boya, tukapata habari kwamba Jeni amefariki. Jeni alikuwa binti wa Ma Koku, wa mwisho kubaki. Alikuwa visiwani akinunua dagaa kwa wavuvi na kuuza bara, mwanamke mchangamfu, mwenye vicheko, aliyewaletea wachimbaji wetu furushi la dagaa kila alipokuja kumwona mama yake. Walimleta kwa mtumbwi wa injini, kisha lori la samaki. Alimwacha mtoto mchanga wa kike, Kemilembe, tuliyemwita Kemi, ambaye kila mtu alimtazama kwa lile jicho la miaka ile, jicho la kuuliza na huyu je.

Tulikwenda kuzika, mimi na Rutta na Byabato. Nyumba ilijaa wanawake, wengine tukakaa nje chini ya migomba, upande wa bondeni kwa sababu kwingine hakukuwa na nafasi. Penye msiba kwetu hakuna anayekwenda kulima, na kijijini pale hakuna aliyekwenda kuchota. Walikuwa wamechota alfajiri, wakafunga koki kwa heshima, na vijiji vyote vya bomba lile ni ukoo mmoja na usharika mmoja, wote walikuwa hapo. Palikuwa na utulivu. Sauti pekee ilikuwa ya majembe ya wachimba kaburi, na kilio kilichotoka ndani kwa vipindi.

Mimi nina ugonjwa wa kazi. Nikikaa mahali lazima nipime kwa macho. Nikatazama juu, nikaiona mikaratusi ya chemchemi, mbali juu ya kichwa changu. Nikatazama nilipokaa. Udongo chini ya nyasi ulikuwa laini, umefukiwa siyo zamani. Nilikuwa nimekaa juu ya bomba letu. Mbona liko chini hivi? Nikapima tena. Tulikuwa chini kuliko nukta zetu zote mbili, na chini kwa kiasi kinachotisha. Bomba tuliloweka pale lilikuwa la ukuta mwembamba, la kustahimili presha ndogo ya kule juu kibanjani. Lile nene tulilihifadhi kwa ajili ya kijitoni.

Nikajituliza. Maji yamepita hapa tangu tufungue, hakuna kilichotokea. Yanatembea, yanachoka njiani.

Ndipo nikasikia ule utulivu. Hapana mlio wa ndoo, hapana maji kumwagika. Koki zote zimefungwa. Tangi limejaa na boya limefunga. Kwa mara ya kwanza tangu tulifungue bomba lile, maji yalikuwa yamesimama.

Nikanyanyuka, nikapita katikati ya watu nikijifanya natafuta kivuli, hadi alipokaa Rutta na wanaume. Sikumaliza kumweleza. Alitazama mikaratusi, akatazama bonde, akainuka.

Wakati huo huo minong'ono ikaanza kaburini. "Maji." "Kuna maji." Wachimbaji wawili walikuwa ndani ya shimo hadi mabegani, na upande mmoja wa shimo ulikuwa unatoa jasho, kisha michirizi. Mmoja akaanza kuyateka kwa ndoo. Mzee wa ukoo, Ta Ishengoma, akasogea na fimbo yake, akachungulia, akasema kwa sauti nzito, "Kaburi linakataa."

Watu wakaguna. Hebu fikirieni mama amekaa ndani na maiti ya mwanawe, anasikia nje wanasema kaburi linakataa.

Rutta akaninong'oneza haraka haraka, na hapa mnisikilize, maana huu ndio ufundi unaowahusu. Bomba linapofika kwenye makaburi linakata kona kuyakwepa. Maji hayapendi kona, yanataka kwenda moja kwa moja. Yakizuiwa na kona, hata yakiwa yamesimama, yanaisukuma kuelekea yalikokuwa yanakwenda, yaani kuelekea makaburini. Kinachoishikilia kona ni udongo wa upande ule. Na udongo wa upande ule ndio wachimbaji walikuwa wanautoa, jembe kwa jembe. Kiungo kilikuwa kimeanza kuachia. Kikiachia chote, wale wawili watafunikwa kwa tope na maji wakiwa ndani ya shimo, na mteremko ule wote, pamoja na wale wanne wa Ma Koku waliolala pale, utakatika uende bondeni.

Byabato alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka alichoahidi. Akaruka hadi ukingoni. "Tokeni! Tokeni shimoni! Rudisheni udongo upande huu!"

Ta Ishengoma akamwekea fimbo kifuani. "Wewe Byabato una wazimu? Kaburi likishachimbwa linafukiwa tupu? Unataka lidai mtu mwingine leo leo?"

"Waitu, ni bomba! Bomba linapasuka!"

"Bomba lilikuja lini? Watu tumeanza lini kuzika?"

Wachimbaji hawakujua wamsikilize nani. Mmoja akatoka, mwenzake akabaki na ndoo, anateka. Loo, yule kijana na ndoo yake! Ninamwona hadi leo.

"Nikimbie nikafunge chemchemi?" nikamuuliza Rutta.

"Ni mbali, na hata ukifunga, maji yaliyomo bombani yatabaki yamesimama na nguvu ile ile. Usifunge, Adelina. Fungua. Koki zote, kila moja, hadi mwisho. Yatembee."

Akakimbilia pikipiki aende kituo cha afya kulizamisha boya. Mimi nikawageukia kina mama waliokaa karibu na koki ya njiani. Fungueni, nikawaambia, fungueni na mkawaambie wa koki nyingine. Mmoja akasema kwa upole, "Adelina, mwanangu, marehemu hajazikwa. Nani atafungulia maji yamwagike hovyo kwenye msiba wa mwenzake? Mwenye msiba aseme."

Nikaingia ndani. Nilipita juu ya miguu ya watu, nikakanyaga vidole vya mtu nikasukumwa. Ma Koku alikuwa ameketi sakafuni, kichwani mwa jeneza, Kemi amelala mapajani mwake. Nikapiga magoti. Miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kusema mambo ya presha kwa namba, na sasa sikuwa na namba hata moja.

"Ma, kaburi halikatai. Ni bomba letu linavuja. Watu wote wamefunga koki, maji yamesimama, yanasukuma kuelekea kwa baba na watoto. Nikifungua koki yatatulia. Lakini wanasema wewe useme."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu, yalikwisha kulia siku nyingi.

"Byabato aliniahidi."

"Ndiyo, Ma. Ndiye aliyelisogeza, kila mara, ili lisiwaguse. Ndivyo lilivyofika pabaya."

Akanikabidhi mtoto. Akasimama, akashika kizingiti, akatoka nje mwenye msiba mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena. Ta Ishengoma akateremsha fimbo.

"Fungueni maji," akasema. "Yote. Na wewe uliyemo shimoni, toka, mama yako bado anakuhitaji."

Kijana akatoka. Wanawake wakakimbia kuelekea kila koki, na kanga zao za msiba zikipepea. Nikasikia koki ya njiani ikikohoa, kisha ikamwaga. Halafu ya shuleni. Halafu ile ya mbali kwa mwinjilisti. Mimi nimesimama ukingoni mwa kaburi na mtoto wa watu mkononi, nakodolea macho ule ukuta wa udongo. Kipande kikamomonyoka. Kingine kikafuata, na ndani yake nikaliona bomba letu, jeupe, limetokeza kiungo chake kama goti, linatetemeka. Nilisali. Nilisali Kihaya, Kiswahili, na maneno mengine sijui yalitoka wapi.

Bila shaka Rutta alikuwa amelifikia lile boya, kwa sababu bomba liliacha kutetemeka. Michirizi ikawa matone. Byabato akashuka shimoni na vigogo viwili, akavikaza kwenye kona ile, akashindilia udongo kwa mikono yake, analia wazi wazi bila kujificha. Ta Ishengoma akamwacha. Kaburi halikufukiwa tupu, ila lilisogezwa ubavu kidogo upande wa juu, na Jeni akazikwa hapo hapo karibu na kaka zake, koki zote za kijiji zikimwaga maji. Mchungaji ilimbidi apaze sauti.

Kesho yake tulirudi Rwamishenye. Rutta akaenda mwenyewe na darubini ya kupimia, akapata kimo cha pale bondeni, nami nikaongeza nukta mpya kwenye kompyuta, nikaweka koki zote zimefungwa. Mistari miwili ikatokea. Ile ya juu ilikuwa imehama kutoka kijitoni, imekaa kibanjani kwa Ma Koku, chini kuliko hata tulipovukia kijito, na jirani zake wamepanda nayo. Ilikuwa ya kweli. Rutta aliisoma, akatoka nje kukaa kwenye ngazi. Nikamfuata, tukakaa bila kutaniana.

Tulijenga tangi dogo juu ya kibanja la kuyavunja maji nguvu, yatulie humo kabla ya kushuka, tukaleta bomba nene, na zege kwenye kila kona. Lakini kabla ya kulaza bomba jipya, Rutta alikwenda kwa Ma Koku kumwuliza jambo ambalo hakuna kitabu cha uhandisi kinachoagiza uulize. Tulikwenda wote watatu. Kofia mkononi, akasema, "Ma, safari hii hatutaki kulihamisha tena. Tuambie tulipitishe wapi."

Ma Koku alimfunga Kemi mgongoni, akashuka nasi kibanjani. Akapita kaburi la mumewe, la watoto, la mkwe, la Jeni ambalo udongo wake ulikuwa bado mwekundu. Akasimama penye nyasi.

"Hapa ni mimi."

Akasogea tena hatua chache. Akamrekebisha mtoto mgongoni, akakaza kanga.

"Na hapa."

Hakutaja jina. Byabato akageuka akatazama migomba. Mimi nilimtazama Kemi, amelala, shavu limebanwa mgongoni kwa bibi yake, nikashindwa kuandika.

"Lipitisheni chini ya hapo," Ma Koku akasema. "Nafasi ikibaki, tutapanda migomba."

Tulilipitisha chini ya hapo, na halijahamishwa hadi leo. Ma Koku yuko pale alipopaonyesha, tulimzika akiwa mzee sana. Pale pa pili pana migomba. Mwaka juzi nilikwenda kuwasalimia, Kemi akanikatia mkungu kwa panga lake mwenyewe. Ulikuwa mzito, tukaubeba wawili hadi barabarani.